Pombe "kali" zipo za aina tatu, na moja inaua

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha asubuhi, msikilizaji wetu mmoja wa Kabwe alituma ujumbe mfupi. Aliuliza: "Komoni ikipikwa Sumbawanga na kupakiwa kwenye gari, ikifika huku ziwani kesho yake inakuwa kali kuliko ilivyopakiwa. Je, kuna mtu anaongeza kitu njiani?"

Tulipousoma ujumbe huo hewani, simu hazikupumzika. Wa kwanza alisema ni mtikisiko wa gari. Wa pili alisema wauzaji wanatia betri. Wa tatu, mvuvi, alisema yeye hataki kujua wanaweka nini, anachotaka ni ile kali tu, maana hela yake ni ndogo.

Kipindi kiliisha kabla hatujalimaliza swali hilo. Makala haya yanalijibu kwa kirefu, nawe unaweza kuyasoma taratibu kwenye simu yako au kumsomea mwenzako.

Tuanze na neno lenyewe. Tukisema pombe ni kali, tunaweza kumaanisha mambo matatu. La kwanza ni ukali wa ulimi: pombe imechachuka, inauma kama siki. La pili ni ukali wa kichwa: ina kilevi kingi, unalewa haraka. La tatu ni ukali wa sumu: kuna kitu ndani yake ambacho hakikupaswa kuwemo. Kilabuni yote matatu yanaitwa jina moja, na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu ulimi wa mnywaji hauwezi kuyatenganisha.

Kilevi kinatoka wapi

Kilevi kinatokana na sukari. Hakuna njia nyingine ya kukipata kwenye pombe ya kienyeji wala kwenye bia ya kiwandani.

Ulezi na mahindi havina sukari nyingi, vina wanga. Ndiyo maana mama mpishi anaanza na kimea. Analoweka ulezi, anauacha uchipue, anauanika na kuusaga. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuuvunja wanga uwe sukari. Kimea kikitiwa kwenye uji, baada ya saa kadhaa uji huo unakuwa mtamu. Ukiwahi kuuonja kabla haujawa pombe, unaujua utamu wake.

Baada ya hapo inaingia hamira. Hata kama hakuna aliyeinunua dukani, hamira ipo kwenye kimea, kwenye chombo kilichotumika jana na kwenye machicha ya pombe iliyopita. Ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi, na hewa ukaa, ambayo ndiyo unaiona ikitoa povu na mapovu madogo yanayopanda juu.

Kwa hiyo ukali wa kichwa unategemea mambo manne: sukari iliyokuwemo, hamira, muda na joto. Ukitaka kujua kwa nini pombe ya leo imekuangusha wakati ya jana haikukufanya kitu, tafuta jibu kwenye hayo manne.

Tuchukue hesabu moja. Gramu 17 hivi za sukari ndani ya lita moja, hamira ikizimaliza zote, hutoa asilimia 1 ya kilevi. Sasa mpishi akitia kilo moja ya sukari ya dukani kwenye ndoo ya lita 20, ameongeza gramu 50 kwa kila lita. Hizo zinaweza kupandisha kilevi kwa karibu asilimia 3. Kama pombe ile ingekuwa na asilimia 3, sasa inakaribia 6. Rangi ni ileile, kopo ni lilelile, bei ni ileile. Wewe uliyezoea makopo manne umekunywa sawa na manane.

Kwa kulinganisha, bia nyingi za chupa zinazouzwa nchini zina kati ya asilimia 4 na 6, na kiwango chake kimeandikwa kwenye lebo. Komoni haina lebo. Inaweza kuwa 2 na inaweza kuwa 6, kulingana na aliyepika, siku aliyopika na siku unayokunywa.

Wanywaji wa kimpumu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Machicha ya ulezi yakimiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija, maji ya kwanza hayafanani na maji ya tatu. Kilevi ni kilekile kilichokuwemo kwenye machicha. Kila ukiongeza maji unakipunguza.

Kwa nini ya Kabwe si sawa na ya Sumbawanga

Sasa tumjibu msikilizaji wetu. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Gari linalotoka Sumbawanga, likavuka Namanyere na kuteremka mpaka Kabwe, limeshuka zaidi ya mita 1,000. Kwa kawaida kila ukishuka mita 1,000 joto hupanda kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo sababu mtu wa Sumbawanga akifika ziwani anavua koti.

Hamira nayo inalisikia joto hilo. Kwenye baridi inafanya kazi taratibu, na baridi ikizidi inalala kabisa. Kwenye nyuzi 25 hadi 30 inachangamka. Mwezi wa saba, ndoo iliyopikwa Sumbawanga inaweza kukaa usiku mzima hamira ikiwa imezubaa, sukari bado ipo. Ndoo hiyo ikiteremshwa Kabwe, hamira inaamka na kuimaliza sukari iliyobaki. Pombe iliyoondoka juu ikiwa tamu inafika chini ikiwa na kilevi zaidi. Hakuna aliyeongeza kitu. Pombe imeendelea kuiva safarini.

Mtikisiko wa gari nao una sehemu yake, lakini si ile iliyosemwa. Unatoa hewa ukaa iliyokuwa imejificha ndani ya pombe, hauzalishi kilevi. Ndiyo maana dumu lililojazwa mpaka juu na kukazwa kifuniko huvimba, na likifunguliwa ghafla linarusha pombe, wakati mwingine kifuniko chenyewe kinampiga mtu usoni. Anayesafirisha pombe changa aache nafasi juu na asikaze kifuniko.

Je, pombe hiyo itaendelea kuwa kali bila mwisho? Hapana. Sukari ikiisha, kazi imeisha. Na hata sukari ikiwa nyingi sana, hamira za kawaida hushindwa kilevi kikifika asilimia 12 hadi 15, kwa sababu kilevi chenyewe kinaziua. Hamira inaitengeneza pombe, kisha pombe inaiua hamira.

Zile bia za ajabu za Ulaya

Vijana wameniuliza kuhusu bia wanazoziona mtandaoni zenye kilevi kama cha konyagi. Zipo kweli. Mwaka 2010 kampuni ya BrewDog ya Scotland ilitoa bia ya asilimia 41. Hamira haikufanya kazi hiyo peke yake. Waliigandisha bia, wakaondoa barafu. Maji huganda kabla ya kilevi, kwa hiyo ukiondoa barafu umeondoa maji, na kilichobaki kina kilevi kingi zaidi. Wajerumani wanaijua njia hiyo tangu zamani.

Funzo lake kwetu ni fupi. Kuna njia mbili tu za kufanya pombe iwe na kilevi kingi: kuongeza sukari kabla, au kuondoa maji baadaye. Kuchemsha na kukusanya mvuke, yaani gongo, ni njia hiyohiyo ya pili. Mtu akikuambia ameikoleza pombe kwa kitu kingine chochote, hajaongeza kilevi. Ameongeza kitu kingine.

Ya chupa: ya moto au ya baridi?

Ukikaa baa unaulizwa, "Ya moto au ya baridi?" Wapo wanaoamini kuwa ya moto inalevya zaidi, na kwamba bia iliyokaa miezi dukani inaongezeka nguvu.

Bia ya chupa kwa kawaida huchujwa hamira na kupashwa moto kiwandani, hadi karibu nyuzi 60, ili vijidudu vilivyobaki vife. Hakuna hamira hai, kwa hiyo kilevi hakiongezeki. Ikiwa lebo imeandikwa asilimia 5, itabaki 5 iwe ya moto, ya baridi, mpya au ya zamani. Kinachobadilika ni ladha. Joto huichakaza bia, na mwanga huiharibu zaidi: hopsi zilizomo ndani zikipigwa na jua hutoa harufu mbaya. Hiyo ndiyo kazi ya chupa ya kahawia. Mwenye duka ziwani aweke kreti ndani, kwenye kivuli, si barazani juani. Naye mnunuzi asome tarehe ya mwisho kwenye chupa.

Pombe ya kienyeji ni kinyume chake. Haijachujwa, hamira iko hai, inabadilika kila saa. Ndiyo sababu ile ya pakiti kama Chibuku ina siku chache tu za kuuzwa, na pakiti yake hutobolewa ili hewa itoke. Kule Zimbabwe waliifanya Chibuku ikae siku 21 kwa kuipasha moto na kuifungia kwenye chupa ya plastiki. Ukiacha hamira hai, unahesabu siku. Ukitaka ikae, lazima uiue hamira.

Ukali wa ulimi

Komoni ikifika siku ya tatu au ya nne, hasa ziwani, inauma ulimi. Mnywaji anakunja uso na kusema, "Hii imekuwa kali." Mara nyingi kilevi chake kimeacha kupanda, na pengine kinashuka. Kuna bakteria wanaopenda hewa ambao hukigeuza kilevi kuwa siki. Chombo kikiwa wazi, wanaingia. Pombe hiyo ni chachu tu.

Uchachu wa kawaida si sumu. Lakini una hasara mbili. Kwanza, mpishi anapoteza mtaji. Pili, uchachu unaficha vitu vingine. Pombe ikishauma ulimi, hutajua kama kuna kingine kimewekwa humo. Hapo tunafika kwenye ukali wa tatu.

Ukali wa sumu

Januari 9, 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walitoka mazishini wakaenda kunywa pombe ya kienyeji. Wenzetu wale nao wanaiita hivyohivyo, pombe. Watu zaidi ya 230 waliugua na 75 wakafa. Aliyeipika naye alikufa. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo.

Siku zile za mwanzo habari iliyoenea, hata nje ya Msumbiji, ni kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Sisi wa Ziwa Tanganyika tunaielewa hofu hiyo. Mamba tunao, na maneno ya nyongo yake tumeyasikia. Vipimo vya maabara, vilivyochukua miezi, vilisema jambo lingine. Sumu ilitokana na unga wa mahindi ulioharibika. Ndani ya unga huo walikuwemo bakteria wanaotengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki, ambayo kabla ya hapo ilijulikana zaidi Indonesia na China. Haina harufu, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Mpishi alipika kama siku zote, na moto haukusaidia.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Rukwa ni mkoa wa mahindi, na mvua zetu ni za miezi mingi. Kuna msemo wa mazoea majumbani: mahindi yaliyolowa na kuota ukungu hayafai ugali, yapelekwe kwenye pombe. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na 20 wakafa. Sumukuvu nayo haiondoki kwa kupika. Mahindi ambayo huwezi kumpa mwanao hayawi salama kwa sababu yamegeuka pombe.

Vyombo navyo vina habari zake. Dumu lililobeba dawa ya mimea au ya kuogeshea mifugo halisafishiki, hata ulioshe kwa majivu mara kumi. Pombe ni chachu na ina kilevi, na vitu hivyo viwili vinavuta mabaki ya dawa kutoka kwenye plastiki. Pipa la bati lenye kutu nalo si la kuhifadhia kitu chachu.

Betri na mbolea? Havizalishi hata tone la kilevi. Maji ya betri ni asidi, na ndani ya betri ya gari kuna risasi, sumu inayoharibu ubongo na figo. Anayevitia anatafuta ule muwasho kooni, ili mnywaji adhani amepata "kali". Anakuuzia ukali wa ulimi kwa bei ya ukali wa kichwa, na wewe unalipa kwa figo zako.

Gongo na methanoli

Gongo ni suala lake lenyewe, na kwa sheria zetu kuipika na kuiuza bila kibali ni kosa. Kilevi cha kawaida kina ndugu yake aitwaye methanoli. Vinafanana kwa rangi na karibu kwa harufu. Kiasi cha mililita 10, vijiko viwili vya chai, kinaweza kumpofusha mtu, na mililita 30 zinaweza kumwua.

Pombe ya nafaka yenyewe hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki mara nyingi vinatokana na methanoli ya viwandani inayotiwa makusudi ili kinywaji kiwe kingi na "kali". Nairobi, Novemba 2000, ilichukua watu zaidi ya 100. Kabale, Uganda, mwaka 2010, ilichukua watu wapatao 80. Kirinyaga, Kenya, Februari 2024, watu 17.

Dalili zake zinadanganya. Mtu analala vizuri, anaamka na uchovu anaoufikiri ni wa kawaida. Saa 12 hadi 24 baadaye tumbo linauma, anatapika, anapumua kwa kasi, na macho yanaona ukungu. Usimpe maziwa, usimwache "alale itaisha". Mpeleke kituo cha afya upesi na useme alikunywa nini na saa ngapi. Dawa ipo hospitali, lakini inategemea amefika lini.

Marufuku peke yake inatosha?

Tanzania ilipiga marufuku viroba Machi 1, 2017, na hatua ile ilipunguza urahisi wa kupata kilevi kikali kwa bei ya pipi. Lakini mtu aliyekosa kiroba hakuacha lazima kunywa. Kenya ilikwenda njia nyingine mwaka 2010, ikaruhusu chang'aa kwa leseni. Hata hivyo vifo vimeendelea. Kwa maoni yangu, nchi zote mbili zinatufundisha kitu kimoja: kukataza bila kupima hakutoshi, na kuruhusu bila kupima hakutoshi.

Hapa kwetu, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inasimamia leseni na saa za kuuza. Mtendaji anakuja kilabuni kuangalia saa na ushuru. Ni nani anayekuja na kipimo? Kipo kipimo cha kioo kinachoelea, kinachofanana na kile cha kupimia maziwa. Ukiitumbukiza kwenye uji mtamu kabla haujachacha na tena pombe ikiiva, unapata makadirio ya kilevi. Halmashauri inayochukua ushuru wa kilabu haiwezi kukosa kipimo kimoja kwa kata.

Na tusimsahau mama mpishi. Kwa kaya nyingi za Ufipa, ndoo ile ndiyo daftari, sare na ada. Ukimkimbiza, atapikia mafichoni, na mafichoni ndiko vyombo vibaya vinakotumika. Arusha wameonyesha kwamba kinywaji cha ndizi cha asili kinaweza kupimwa, kufungwa kwenye chupa na kulipa kodi. Komoni na kimpumu vina wapishi hodari vilevile. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafikia kabla ya msiba, si baada yake.

Ya kuondoka nayo

Mpishi: nafaka yenye ukungu au iliyolowa na kunuka, itupe. Tumia vyombo vya chakula tu. Weka pombe kivulini, ifunike isiingie wadudu, lakini iachie pumzi. Mwambie mnunuzi ilipikwa lini na kama umetia sukari.

Mnywaji: hesabu kilevi, usihesabu makopo. Lita moja ya komoni ya asilimia 5 ni sawa na chupa mbili za bia za nusu lita. Mvuvi, usishuke majini na pombe kichwani. Ziwa halisubiri ulevi uishe.

Na yule ndugu yetu wa Kabwe: dereva wako huenda hana kosa. Lakini ukifungua dumu ukakuta koo linawaka tofauti na siku zote, au harufu si ya ulezi, usijisifu kwamba leo umepata kali. Mwaga.

Una swali? Tuma ujumbe mfupi kama kawaida. Tutalisoma hewani Jumamosi.